Juma: Jina la Siku Bora, Amana ya Wazee Wetu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Kila mwanzo wa muhula kamati yetu ya msikiti huandikisha watoto wa madrasa. Daftari la uandikishaji lina safu tatu za majina: jina la mtoto, jina la baba na jina la babu. Tunapolipitia daftari hilo tunaona jambo ambalo pengine wengi hawajalitia maanani. Katika safu ya babu, kina Juma ni wengi. Katika safu ya baba wamo, lakini wamepungua. Katika safu ya watoto wenyewe ni nadra kumkuta hata mmoja. Jina limehama kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, na kizazi kijacho halitakuwa na safu ya kuandikwa.

Tumewauliza wazazi sababu, nao hutoa tatu. Wa kwanza husema kwamba Juma ni jina la kizamani, jina la mtumishi wa nyumbani katika michezo ya kuigiza. Wa pili husema kwamba si jina la Kiislamu kwa hakika, kwa kuwa hakuna sahaba mashuhuri aliyeitwa hivyo. Wa tatu, kwa sauti ya chini zaidi, husema kwamba waliambiwa na wakubwa wao kuwa majina ya siku yalikuwa majina ya watumwa. Hoja hizi tatu zinastahiki kujibiwa kwa elimu na bila kukasirika. Lakini kabla ya kuzijibu, inatupasa kwanza tujue jina lenyewe ni nini na limetoka wapi.

MAANA YA NENO

Juma limetokana na neno la Kiarabu linalotaja siku ya Ijumaa, na asili yake ni herufi tatu: jim, mim na ain. Maana ya mzizi huo ni kukusanya, kuleta pamoja vilivyotawanyika. Ijumaa ni siku ya mkusanyiko, na mtu aitwaye Juma amebeba jina la mkusanyiko huo.

Kiswahili chetu kimeupokea mzizi huu kwa mikono miwili. Jamaa ni watu waliokusanywa na damu au urafiki. Jamii ni watu waliokusanywa na maisha. Jumuiya ni watu waliokusanywa na shabaha moja. Sala ya jamaa ni sala ya waliokusanyika nyuma ya imamu mmoja, na msikiti wa Ijumaa huitwa jamia. Hata neno ujamaa, lililotangazwa kuwa njia ya taifa letu katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, limechipuka katika shina hilohilo. Mzazi anayesema kwamba Juma ni jina lisilo na maana, basi na atazame ni mara ngapi kwa siku moja anatamka ndugu za jina hilo.

SIKU KABLA HAIJAITWA IJUMAA

Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu walikuwa na majina mengine ya siku za wiki, na siku hii waliiita Aruba. Wanahistoria wanasimulia kwamba Kaab bin Luay, mmoja wa mababu wa Mtume (S.A.W.), alikuwa akiwakusanya Makureshi siku hiyo na kuwahutubia, na kwamba yeye ndiye aliyeiita siku ya mkusanyiko. Wengine wanasema jina hilo lilithibiti Madina, pale Waislamu wa mwanzo walipoanza kukusanyika kwa ajili ya sala.

Katika habari hii ya pili kuna kisa ambacho tungependa kila mtoto aitwaye Juma akisimuliwe. Sahaba Kaab bin Malik (R.A.) alipozeeka alipoteza uwezo wa kuona, na mwanawe Abdurrahman ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza. Kila Ijumaa mzee huyo aliposikia adhana, alimwombea maghufira mtu mmoja kwa jina lake, Asaad bin Zurara. Mwanawe alimuuliza kwa nini kila asikiapo mwito wa Ijumaa humkumbuka mtu huyo. Akamjibu kwamba Asaad ndiye wa kwanza aliyewakusanya kwa sala ya Ijumaa Madina, kabla Mtume (S.A.W.) hajahamia huko. Mwana akauliza walikuwa wangapi siku ile. Mzee akajibu: watu arubaini. Kisa hiki kimo katika vitabu vya hadithi, ikiwemo Sunan ya Abu Dawud, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu katika mwambao huu, wanakitaja wanapozungumzia idadi ya watu wanaotimiza sala ya Ijumaa.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipohama, mwaka wa 1 Hijria ambao ni mwaka 622 Miladia, alikaa siku kadhaa Kuba kisha akaondoka siku ya Ijumaa kuelekea mjini. Wakati wa sala ukamkuta katika makazi ya Bani Salim bin Auf, naye akasalisha hapo sala yake ya kwanza ya Ijumaa Madina. Mahujaji wetu wanaozuru Madina huoneshwa msikiti uliojengwa mahali hapo, nao mpaka leo unaitwa Masjid al-Jumua.

Kisha Mwenyezi Mungu akaiteremsha sura nzima yenye jina hili, Surat al-Jumua, ambayo ni sura ya 62 na ina aya 11. Aya zake za mwisho zinawaamrisha waumini waache biashara panapoadhiniwa sala ya siku hiyo na waende kumtaja Mwenyezi Mungu, na sala ikiisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila zake. Tuzingatie mpango huo. Siku ya Ijumaa haikufanywa kuwa siku ya kulala. Ni siku ya kazi yenye saa ya kusimamisha kazi. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kwamba ulipoingia Madina msafara wa biashara, watu walimwacha Mtume (S.A.W.) amesimama na wakaukimbilia, wakabaki watu kumi na wawili tu. Aya ya mwisho ya sura ikaja kulikemea jambo hilo. Basi jina Juma lina ndani yake mtihani wa kila wiki: soko linaita, na msikiti unaita.

Na siku yenyewe imetukuzwa. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba siku bora kabisa inayochomozewa na jua ni Ijumaa; ndani yake aliumbwa Adam na ndani yake aliingizwa Peponi na akatolewa humo. Ametufahamisha pia kwamba katika siku hiyo ipo saa ambayo Mwislamu haombi kheri ila hupewa.

JUMA KATIKA HESABU YA WASWAHILI

Wazee wetu hawakulipokea neno hili kama wageni wanavyopokea kitu wasichokijua kazi yake. Walilifanya kuwa nguzo ya hesabu yao ya siku. Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili, wakaiita ya kwanza, mpaka Alhamisi ambayo kwao ni ya tano. Mswahili yeye alianza kuhesabu mara tu baada ya Ijumaa. Siku inayofuata akaiita Jumamosi, yaani mosi baada ya Juma; kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alipofika hapo akapokea jina la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano. Ndiyo maana wiki ya Mswahili ina tano mbili zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hakuna anayechanganyikiwa.

Mpango huohuo waliutumia katika miezi. Mwezi unaofuata Ramadhani wakauita Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu na kuendelea, mpaka Mfungo Sita, ambao ndio mwezi wa Maulidi, na hadi Mfungo Tisa, kabla ya kufika Rajabu na Shaabani. Wiki inahesabiwa kutoka katika siku yake tukufu, na mwaka unahesabiwa kutoka katika mwezi wake mtukufu. Zaidi ya hayo, neno juma lenyewe limekuwa na maana ya wiki nzima. Tunasema juma lililopita, majuma mawili, mwisho wa juma.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo yakazuka majina ya watu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Juma, na wa kike akaitwa Mwanajuma au Mwajuma. Wa Alhamisi akawa Hamisi au Khamis, na dada yake Mwanahamisi. Yupo Jumanne, na yupo Jumapili. Kwa miezi, wapo Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Na kwa sikukuu, wapo Idi na Mwanaidi. Wakati ambapo nyumba nyingi hazikuwa na kalenda ukutani wala cheti sandukuni, mtu aliitika jina lake na papo hapo akawa ametaja siku au mwezi aliozaliwa.

Mila ya kumwita mtoto kwa siku haiko kwetu peke yetu. Wahausa wa Afrika Magharibi wana jina Danjuma kwa mvulana na Jummai kwa msichana. Waakani wa Ghana, kwa mila yao isiyotokana na Uislamu, humwita Kofi mvulana wa Ijumaa. Na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938.

USIKU WA KUAMKIA IJUMAA

Hapa pana jambo dogo linalozusha mabishano katika nyumba nyingi. Kwa hesabu ya Kiislamu, siku huanza kwa kuzama jua. Ikiingia Magharibi ya Alhamisi, usiku wa Ijumaa umekwisha kuingia. Hesabu ya kiserikali hubadilisha siku saa sita usiku. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa Alhamisi saa tatu za usiku ana siku mbili: kadi ya hospitali inasema Alhamisi, na bibi yake anasema Ijumaa.

Familia moja ilipata kuja msikitini na swali hilohilo. Baba alitaka kumwita mtoto Hamisi kwa kufuata kadi, na mama yake mzazi alishikilia kwamba mtoto ni Juma kwa sababu amezaliwa baada ya Magharibi. Tuliwajibu kwamba bibi yuko sahihi kwa hesabu ya dini na kadi iko sahihi kwa hesabu ya serikali. Tuliwakumbusha pia kwamba hesabu ya siku ya saba kwa ajili ya akika nayo inahusika, kwa hiyo ni vizuri mzazi aandike saa ya kuzaliwa wala asiridhike na tarehe peke yake. Tuliona kwamba vijana wawili waliokuwa wamekaa karibu, wote wana wa madrasa yetu ya zamani, walikuwa wanalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Jina Juma, likielezwa vizuri, linamfundisha mtoto namna Waislamu wanavyohesabu siku.

JINA LILILOSAFIRI

Jina hili lilitoka mwambao na kwenda bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kupitia Tabora na Ujiji hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, akiwa katika safari yake ya kuvuka Afrika kutoka bahari hadi bahari, alimkuta huko Kilemba, katika nchi ambayo leo ni Kongo, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Juma Merikani, na akapokewa kwa ukarimu. Lakabu hiyo ilitokana na kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani kwa kuwa asili yake ilikuwa Marekani. Hatumtaji ili kumtukuza, kwa maana biashara ya pembe za ndovu ya zama zile haikutengana na biashara ya watu. Tunamtaja kuonesha umbali ambao jina lilikuwa limefika.

Baadaye jina lilivuka hata mipaka ya dini. Magharibi mwa Kenya linatumika katika koo nyingi zisizo za Kiislamu. Profesa Calestous Juma, mwanasayansi wa Kenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard na aliyefariki mwaka 2017, alikuwa na jina hilo. Ni ajabu kwamba jina linapendwa na majirani zetu wakati sisi tulio warithi wake tunalionea haya.

JE, NI JINA LA KIISLAMU?

Sasa tuijibu hoja ya pili. Kanuni iliyowekwa na wanazuoni ni kwamba asili ya majina ni uhalali, mpaka pawe na sababu ya kukatazwa. Yaliyokatazwa ni kama kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au jina lenye maana mbaya, au jina linalomhusu Mwenyezi Mungu pekee. Juma halimo katika makundi hayo. Ni kweli kwamba majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, kama ilivyothibiti katika hadithi, ni Abdallah na Abdurrahman. Lakini kupendeza zaidi kwa jina moja hakulifanyi jina jingine kuwa baya.

Wala si kweli kwamba jina hili limebuniwa na Waswahili peke yao. Linatumika Oman na nchi nyingine za Ghuba, Iraki, Sudan na Misri. Sheikh Ali Gomaa, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Misri kuanzia mwaka 2003 hadi 2013, jina lake la pili ni Juma hilihili; Wamisri huitamka jim kama ga, na ndiyo sababu limeandikwa hivyo kwa herufi za Kizungu. Dubai kipo kituo maarufu cha kuhifadhi maandiko ya kale kiitwacho Kituo cha Juma Al Majid, kwa jina la mwasisi wake. Afghanistan utawakuta kina Juma Khan, na Uzbekistan kina Jumaboy.

Hata hivyo haifai tuvuke mpaka upande wa pili. Hakuna hadithi inayoamrisha kwamba mtoto wa Ijumaa lazima aitwe Juma. Hii ni ada njema na haina hukumu ya sunna. Wala mtoto hapati daraja kwa kuzaliwa siku bora, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyecheleweshwa na matendo yake hataharakishwa na nasaba yake, sembuse na siku yake ya kuzaliwa. Na tumesikia mahali fulani mzazi akitaka kuliongezea jina hili neno Abdul mbele ili lisikike la kidini zaidi. Hilo halifai kabisa. Sisi ni waja wa Mwenyezi Mungu, siyo waja wa siku.

Dini yetu inaitazama maana ya jina kabla ya kutazama umaarufu wake. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina binti aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi, akamwita Jamila. Alijiwa na mtu aitwaye Hazn, jina lenye maana ya ugumu, akamtaka ajiite Sahl, yaani wepesi. Mtu yule akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alisema kwamba ugumu wa tabia haukuondoka katika ukoo wao baada ya hapo. Tulinganishe kisa hicho na majina kama Shida, Tabu, Mashaka na Matatizo, ambayo wazazi wetu waliwapa watoto kwa kukumbuka dhiki zilizokuwapo. Mtoto huyo hubeba machungu ya siku ile maisha yake yote. Juma alipewa siku, akaachiwa siku yenyewe bila majonzi yake. Ikiwa kuna majina ya wazee yanayostahiki kuachwa, yapo hayo. Juma halimo.

DOA LA UTUMWA

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nasi hatutaki kuificha. Ni kweli kwamba zama za utumwa katika mwambao na visiwani, majina ya siku yalikuwa miongoni mwa majina waliyopewa watumwa, pamoja na mengine kama Mabruki, Feruzi na Almasi. Baadhi ya waungwana wa wakati ule walijichagulia majina ya mitume na masahaba na kuyaona ya siku kuwa ya watu wa chini. Serikali ya kikoloni ilipoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, sheria ilibadilika lakini minong'ono haikukoma siku hiyohiyo. Bado wapo wakwe wanaouliza jina la babu wa mchumba wakitafuta humo dalili ya asili yake.

Tunasema kwa uwazi: huo ni ujahili. Muadhini wa kwanza wa Uislamu, Bilal bin Rabah (R.A.), alikuwa mtumwa aliyeteswa kwenye mchanga wa moto wa Makka, na siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, ndiye aliyepanda juu ya Kaaba kuadhini, na wakuu wa Makureshi wakiwa chini wanasikiliza. Jina lake leo ni fahari ya kila nchi ya Kiislamu. Ikiwa miongoni mwa mababu zetu alikuwepo aliyenyimwa jina la wazazi wake na akapewa jina la siku, kisha akaliishi kwa sala, kwa kazi halali na kwa malezi ya watoto mpaka nasi tukafika hapa, basi kulitupa jina lake ni kumdhulumu mara ya pili. Aibu ni ya aliyemuuza. Yeye hana aibu yoyote.

SOMO WA BABU

Katika malezi yetu, jina la babu au bibi hurudi kwa mjukuu, na wawili hao huwa masomo. Somo humwita mwenzake somo yangu, humgawia kitafunio kilichobaki katika kikombe cha asubuhi, na humteta kwa wazazi wake anapotaka kuchapwa. Mama wa mtoto naye, kwa adabu, halitamki jina la mkwewe, hivyo mwanawe humwita babu. Ndiyo sababu katika koo nyingi unakuta Juma Hamisi Juma: mjukuu na babu wamemshika baba katikati.

Mzazi mmoja alituletea shauri lake. Baba yake, mzee mgonjwa aitwaye Juma, alitamani mjukuu apewe jina lake. Mkewe alikuwa amekwisha chagua jina jingine alilolipata katika simu, lenye sauti nzuri, ambalo yeye mwenyewe hakuweza kutuambia maana yake wala lugha yake. Wanazuoni, akiwemo Ibnul Qayyim katika kitabu chake Tuhfatul Maudud, wameeleza kwamba wazazi wakihitilafiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini hatukutaka mume aondoke na hukumu hiyo kama fimbo. Tulimshauri arudi akae na mkewe, amweleze maana ya jina na habari za Kaab bin Malik na watu arubaini, kisha amsikilize na yeye. Baada ya siku chache walirudi pamoja. Mama ndiye aliyesema kwamba hakuwa akijua kuwa Juma lina maana. Alidhani ni jina tu. Mtoto ameitwa Juma, na jina la simu limewekwa akiba mpaka lijulikane maana yake.

TAHADHARI YA NYARAKA

Kwa kuwa kazi yetu ni ya katibu, hatuwezi kufunga makala bila kutoa nasaha ya karatasi. Jina hili huandikwa kwa namna nyingi: Juma, Jumaa, Jumah, hata Jumma. Kinywani ni jina moja, lakini kwenye hati ni watu wanne. Tumeshuhudia familia zikihangaika katika mirathi kwa sababu hati ya kiwanja ya marehemu imeandikwa kwa namna moja, kitambulisho kwa namna nyingine, na cheti cha ndoa kwa namna ya tatu. Warithi hulazimika kula viapo kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mzee wao mmoja, na wakati huo mjane anasubiri haki yake.

Basi mzazi achague namna moja ya kuandika na aishike kuanzia cheti cha kuzaliwa. Aandikishe kuzaliwa mapema. Ahakikishe madrasa na shule zinaandika sawasawa na cheti. Na wazee walio hai ambao nyaraka zao zinapingana wazirekebishe wao wenyewe kwa hati ya kiapo wakiwa na nguvu, wasiwaachie watoto kazi hiyo wakati wa msiba.

NASAHA KWA WAZAZI

Hatumlazimishi mzazi yeyote kumwita mwanawe Juma. Tunachoomba ni mambo matatu. Kwanza, mzazi ajue maana ya jina kabla ya kulitoa, kwa sababu jina zuri ni miongoni mwa haki za mtoto juu ya mzazi wake. Pili, asiliache jina la wazee kwa kuona haya, bali akiliacha awe na sababu anayoweza kuieleza mbele ya wazee hao. Tatu, wale ambao tayari wanaitwa Juma, wakubwa kwa wadogo, wasijifupishe kwa herufi moja ya Kiingereza wala wasijibadilishe mbele ya wenzao shuleni na kazini. Waitike kwa ukamilifu.

Na kwa kila Juma anayesoma ukurasa huu, jina lako linakukumbusha miadi. Kila wiki adhana hupigwa na watu huacha mizani, jembe, usukani na kalamu, wakakusanyika. Haipendezi mwenye jina la mkusanyiko akawa ndiye asiyeonekana kwenye safu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia na majina yao, awape watoto wetu majina mema na matendo yanayofanana nayo, na atukusanye sisi na wao siku ya mkusanyiko mkubwa tukiwa katika radhi zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.